Zaka Zetu na Mfugaji wa Nyika

 Ndugu zetu Waislamu wa Malindi, Mambrui, Takaungu na Kilifi, twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo kila mwaka twalifanya wala hatulitazami.

Uingiapo mwezi wa Ramadhani, khasa kumi la mwisho, milango ya matajiri wetu hujaa watu watokao bara: wakongwe, wanawake wenye watoto mgongoni, vipofu washikwao mkono. Wengine hufika alfajiri wakakaa barazani mpaka adhuhuri. Mlango ukifunguliwa, kila mmoja hupewa noti ya shilingi 100, au kibaba cha unga, au leso, kisha huambiwa awapishe wenziwe. Mwenye mali hurudi ndani moyo wake mweupe, akaona zaka imekwisha kumtoka shingoni. Na yule mama aliyetoka Marafa, akiisha kulipa nauli ya kuja na kurudi, hubakiwa na nini? Nasi tusemao haya hatujitoi. Tumezigawa noti hizo kwa mikono yetu.

Sasa tazameni wafanyavyo wageni. Liko shirika la Kimarekani liitwalo GiveDirectly, lililoanza kazi katika Kenya pande za Siaya mwanzo wa miaka ya 2010, kisha likafika katika kaunti yetu hii ya Kilifi. Watu wake huingia vijijini wakaandika wenye nyumba, kisha humpelekea kila mmoja fedha katika simu yake, kwa njia hizi hizi tulizozizoea tangu M-Pesa ianze mwaka 2007. Fedha hizo ni nyingi kwa pamoja, au kwa mafungu machache, wala mtu hapewi sharti la namna ya kuzitumia. Jambo hili lilikuwa geni hata huko Homa Bay mwaka 2015 karibu nusu ya watu walizikataa, wakidhani ni fedha za mashetani. Twacheka, lakini ni dalili ya kuwa maskini wetu hawakuzoea kupewa bila ya kuamrishwa.

Ili mjue fedha hizo zafanya nini, mfahamuni kwanza mfugaji mwenyewe. Mtu wa Ganze, wa Bamba, au wa Magarini nyuma ya Marafa, mali yake yote ina miguu minne. Mbuzi ndiye akiba yake, ndiye ada ya skuli, ndiye mahari ya mwanawe. Mvua zikikatika, hana budi kumteremsha mbuzi sokoni. Na siku hiyo hiyo kila jirani amemteremsha wake, kwani njaa haikuingia nyumba moja. Mbuzi wamekonda, bei yao imeanguka, na mahindi yamepanda. Huanza kuuza mabeberu. Wakiisha, humtoa jike azaaye. Siku amwuzapo jike ndipo ufukara umwingiapo kweli kweli, kwa sababu mvua zikirejea na majani yakiota, hana wa kumzalia. Na mnunuzi ni nani? Mara nyingi ni sisi watu wa mji, au dalali wetu, tukisifu urahisi wa nyama.

Toka mwisho wa mwaka 2020 hata mwanzo wa 2023 sehemu kavu za Kenya zilikosa mvua misimu mitano mfululizo, na wanyama zaidi ya milioni 2 wakafa. Aliyeuza majike yake mwaka wa kwanza aliambiwa mjinga na aliyengoja. Na aliyengoja alizika mifugo yake mwaka wa tatu.

Mtu huyu akipata fedha mkononi kabla ya kumtoa jike, mambo hugeuka. Hununua mahindi kwa fedha, na mbuzi akabaki. Hununua dawa ya kupe na ya minyoo. Hulipa deni la dukani, ambalo humla kuliko njaa yenyewe. Huezeka mabati, na mvua ikinyesha maji hutiririka katika pipa lake, mkewe akapumzika na mwendo wa kisimani. Na beberu wake humweka mpaka karibu ya Idi ya kuchinja, amwuze kwa bei ya haki. Hatubuni haya. Wataalamu waliowafuatia watu wa Siaya waliona kuwa waliopewa walizidisha mifugo na kuezeka nyumba zao kwa mabati, wala hawakuzidisha ulevi. Na baina ya 2014 na 2017, nyumba zaidi ya 10,000 za huko zilipewa kadiri ya dola 1,000 kila moja, ikaonekana kuwa hata majirani wasiopewa waliongeza pato, na bei za sokoni hazikupanda ila kidogo mno.

Hatuwasifu wageni kupita kiasi. Shirika hilo hilo lilitangaza mwaka 2023 kuwa baadhi ya wafanyakazi wake katika Kongo ya mashariki waliiba karibu dola 900,000 za maskini. Wala fedha si mvua. Yuko apewaye leo na kiangazi kikamnyang'anya kesho. Lakini twauliza: sisi tulio na zaka kwa amri ya Mola wetu, vipi tumeshindwa na watu wasioamrishwa?

Hapana haja ya kujifunza kwao, kwani haya yamo katika vitabu vyetu. Imepokewa na Abu Daud kwa Anas kuwa Mansari mmoja alikuja kumwomba Mtume s.a.w., naye akaiuza tandiko na bakuli la mtu yule kwa dirhamu mbili. Moja ikawa ya chakula cha watu wake, na ya pili ikanunuliwa shoka, Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma kukata kuni na kuuza. Baada ya siku 15 alirudi na dirhamu 10. Na Imamu Nawawi, katika Majmuu, ameeleza kuwa fakiri hupewa cha kumtoa katika uhitaji: mwenye kazi hupewa thamani ya vyombo vya kazi yake, na mfanya biashara hupewa rasilmali, hata muuza mboga akadiriwe kwa kadiri yake. Basi rasilmali ya mfugaji ni nini kama si majike?

Tena katika madhehebu yetu ya Shafii, zaka ya fedha haigeuzwi unga wala leso. Ni mali ya fakiri, amemilikishwa. Akitaka mbuzi, akitaka mabati, ni shauri lake. Tazama basi jinsi tulivyomfanyia ubahili kisha tukamchagulia.

Wako watakaosema: "Hawa wa bara mkiwapa fedha watazinywea mnazi." Neno hili twalisikia barazani kila mwaka, na jawabu la Siaya mmekwisha kulisikia. Tena walevi wamo na mjini, wala hatujamwona mtu akazuiwa mshahara wake kwa khofu hiyo. Wengine watasema kuwa jirani zetu wengi si Waislamu. Kweli, zaka ya faradhi ina watu wake. Lakini Waislamu wafugao ni wengi huko, na sadaka haikufungiwa mlango kwa jirani asiye Mwislamu, naye Mwenyezi Mungu hakutukataza kuwatendea wema wasiotupiga vita.

Watakaosema kuwa zaka haihamishwi, wala haipewi mtu mmoja, twawakumbusha Ibn Ujayl wa Yemen, aliye katika wanavyuoni wa madhehebu haya haya, aliyetoa fatwa ya kujuzu yote mawili, na masheikh wengi wakamfuata.

Fanyeni hesabu. Mwenye shilingi 1,000,000 zilizotimiza mwaka hutoa 25,000. Akizigawa mia mia, watu 250 watakula siku moja. Wakikusanyika watano kama yeye, ni shilingi 125,000. Tukikadiria jike kwa 6,000, ni majike 20 na kitu juu. Majike 20, Mungu akileta mvua na kuondoa maradhi, hayachelewi kufika 40. Na mwenye mbuzi 40 walishao porini, mwaka ukipita juu yao, amewajibikiwa na mbuzi mmoja wa zaka. Huyo aliyekuwa amekaa barazani kwetu atakuwa naye yuatafuta wa kumpa.

Katika darasa yetu tumekubaliana kujaribu mwaka huu, watu watano kwa mfugaji mmoja, fedha zipelekwe kwa simu yake kabla ya Ramadhani, bila ya foleni wala picha. Atakaye kujiunga na aje baada ya sala ya Isha pamoja na hesabu ya mali yake. Na akimjua mfugaji aliyeuza majike, atuletee jina lake kwa siri.