Je, kuvumiliwa kunatosha?

Siku hizi hakuna semina ya viongozi wa dini inayomalizika bila kutajwa neno la Kiingereza "tolerance". Wafasiri wetu husema "kuvumiliana", na ukumbi mzima hupiga makofi. Mimi neno hilo hunikera, na wanafunzi wangu wameshazoea kunisikia nikilisema.

Asili yake ni Kilatini, tolerare, maana yake kubeba au kustahimili jambo zito. Mtu huvumilia njaa, jua kali, jino bovu. Hakuna anayevumilia asali. Kwa hiyo mfasiri hakukosea. Kalileta neno pamoja na mzigo wake. Anayekwambia anakuvumilia ameshakuhukumu kuwa wewe ni adha, ila amejizuia tu.

Historia inalithibitisha hilo. Mwaka 1689 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Uvumilivu. Waprotestanti waliokuwa nje ya Kanisa la Uingereza waliruhusiwa kuabudu, kwa masharti: waape utii, nyumba zao za ibada zisajiliwe, na milango isikomewe wakati wa ibada. Wakatoliki hawakumo kabisa. Hata hao waliovumiliwa, sheria za kuwazuia kushika vyeo vya serikali hazikufutwa hadi 1828, na Wakatoliki wakafunguliwa Bunge mwaka 1829. Yaani miaka 140 ya ruhusa bila haki kamili!

George Washington aliliona tatizo hilo. Mwaka 1790, akiwaandikia Mayahudi wa Newport, alikataa lugha ya kuvumiliana, kana kwamba kundi moja la watu hulifadhili jingine lipate haki zake za asili. Naam, mwandishi huyo alimiliki watumwa, lakini hoja ni hoja.

Wapo watakaoniambia bora kuvumiliana kuliko kuchinjana. Kweli kabisa. Ila tusikifanye kiwango cha chini kuwa ndiyo kilele.

Waarabu husema tasamuh, neno lenye mzizi wa ukarimu na wepesi wa moyo, ambako sisi tumepata kusamehe. Hapo hakuna mzigo. Lakini neno zuri halimtengenezi mtu, na Waislamu tusijipige kifua. Katika misikiti yetu aliyefunga mikono na aliyeiachia husimama safu moja, bega kwa bega. Imamu akishatoa salamu, kila mmoja huchukua viatu vyake akaondoka bila kumtazama mwenzake. Huko ni kuvumiliana. Tasamuh sijaiona.