Kila Mtu Mbele ya Nyumba Yake

Ndugu zangu mnaoishi bonde la Msimbazi, nanyi mnaokaa juu ambao maji ya mapaa yenu hutushukia sisi, nisikilizeni kabla wingu halijafunga.

Nehemia alipofika Yerusalemu aliukuta ukuta umebomoka. Hakuanza na amri. Alitoka usiku, akaukagua kwa macho yake pengo kwa pengo, ndipo akawaita watu. Wengi wakajenga pale palipoelekea nyumba zao. Walikuwamo wafua dhahabu na watengeneza manukato, watu wasiozoea mawe. Alikuwamo Shalumu, aliyejenga pamoja na binti zake. Ukuta ukakamilika kwa siku 52.

Sasa tuutazame ukuta wetu. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam. Waliookolewa mabondeni wakapewa viwanja mbali, huko Mabwepande, lakini riziki yao ilikuwa Kariakoo, na wapo waliorudi kulekule bondeni. Anayepanga kumhamisha mtu amuulize kwanza anakula wapi!

Ingia nyumba moja ya bondeni. Ukutani, juu ya kitanda, umepita mstari wa tope. Chini yake rangi imebanduka. Juu yake imening'inia picha ya harusi. Mama mwenye nyumba atakuonyesha kwa kiganja: hapa mvua ile, hapa ile nyingine. Atakwambia maji huanza kupanda chooni kabla hayajagusa kizingiti. Hicho ni kipimo, ndugu zangu! Mhandisi hatakijua mpaka aketi naye.

Na tumekwisha kuona kwamba kuketi pamoja namna hiyo kunawezekana. Mradi wa Ramani Huria ulipoanza mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia mitaani pamoja na wenyeji, wakachora vichochoro na mitaro ambayo haikuwamo kwenye ramani. Mwaka 2018 wakazi wa bonde waliketi na wataalamu na watu wa serikali kuujadili mpango wa kuliendeleza bonde la Msimbazi. Mlango uliofunguka namna hiyo usiachwe ukajifunga.

Viongozi wetu, nawasihi. Msituletee mpango uliokwisha kupigwa muhuri, kisha mtuite tusaini mahudhurio. Kumwita mtu baada ya kuamua ni kumdharau.

Lakini toba ianze kwetu. Ni nani anayetapisha choo mvua ikinyesha, uchafu ukamwingilie jirani? Ni nani aliyetupa godoro mtaroni? Mkutano wa mtaa ukiitishwa twasema, "Wameshapanga hao," tukabaki vibarazani. Maji yakifika kiunoni twapiga kelele kwamba hatukushirikishwa. Hapana! Kiti chetu kilikuwapo, kikakaa kitupu.

Masika huanza Machi. Usiisubiri. Wiki hii nenda kwa mwenyekiti wa mtaa wako, uulize mkutano ni lini, na ukiwa haujapangwa, udai. Chukua daftari uandike maji yalifika wapi ukutani kwako, kalavati lipi limeziba, na nyumba ipi ina mzee asiyeweza kukimbia usiku. Nenda mkutanoni pamoja na binti yako, kama Shalumu. Mkifika, msikae nyuma. Simameni, someni mlichoandika, wala msiondoke mpaka kimeingia kwenye muhtasari.