Kazi Iliyolala Sandukuni: Je, Ni Deni?



Akina mama wa ushirika wa kushona wameleta swali mbele ya mashemasi, nami nimeombwa kulijibu katika gazeti letu. Swali lenyewe ni hili: mtu akianza kazi ya mikono nyumbani mwake, kisha akaiacha kwa miaka mingi, je, amekosa? Wengine walisema ndiyo, tena bila kusita, kwa sababu uvivu ni uvivu hata ukifungiwa ndani ya sanduku. Wengine walisema kitambaa hakina roho, hakiwezi kumshitaki mtu. Mimi naona pande zote mbili zimejibu haraka mno.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe, maana akina baba wengi wanalala chini ya blanketi la viraka bila kujua limetoka wapi. Mama anakusanya vipande vya vikwembe vilivyochakaa, masalio ya fundi wa kushona, shati la baba lililopasuka kwenye kola. Anavikata kwa kipimo, anaviunga kimoja kimoja mpaka vinakuwa uso mmoja mpana. Chini ya uso anatandika pamba au blanketi kuukuu, na chini yake tena kitambaa cha mgongo. Halafu anashona matabaka yote 3 pamoja, toka upande hadi upande, na mwisho anazungushia pindo. Wako wanaoshona ya kulalia, na wako wanaoshona ya picha za kutundika ukutani: mtende, mitumbwi mtoni, safina ya Nuhu. Kila aliyejaribu anajua mahali kazi hii inapofia. Haifi mwanzoni, maana kuchagua rangi ni furaha. Inakufa uso ukiisha kuungwa, wakati wa kushona yale matabaka 3. Hapo hakuna rangi mpya ya kuona, kuna sindano tu, na kitu chenyewe ni kizito, na nyumba ni ndogo.

Wahubiri wengi wakiguswa na jambo hili hukimbilia mfano wa mnara katika Injili ya Luka, sura ya 14. Mfano ule ni wa kweli, lakini unamsema mtu ambaye hakukaa kwanza kuhesabu gharama. Tena mnara nusu haumkingi mtu na mvua. Blanketi la viraka si hivyo. Kiraka kimoja kilichoungwa vizuri ni kizima tayari, na viraka 16 vikubwa vinatosha kumfunika mtoto mchanga. Kazi hii ni ya watu wenye saa zilizokatika-katika: maharagwe yako motoni, mtoto analia, maji yametoka bombani na mabidoni lazima yajazwe kabla hayajakatika. Kuiweka chini si kuitupa. Na sisi akina baba tusicheke. Ndani ya parsele zetu kuna marundo ya matofali mabichi ambayo mvua imeyarudisha kuwa udongo, na hakuna aliyetuita kikaoni juu yake.

Basi kosa liko wapi, kama liko? Nadhani tutalipata tukiuliza kwa nini mtu anaacha. Uchovu ni sababu. Umaskini ni sababu, maana uzi unanunuliwa. Lakini iko sababu moja ya ndani ambayo hatuitaji mara nyingi: kumaliza ni kutoa. Kazi ambayo haijaisha ni yako peke yako. Ikiisha, watu wataihukumu, au utaombwa uitoe, au itauzwa, na hutaishika tena.

Alikuwako mama mmoja kule Marekani, katika jimbo la Georgia, jina lake Harriet Powers. Alizaliwa mtumwa mwaka 1837, akafa mwaka 1910 akiwa mtu huru. Alishona vitambaa vya picha za Biblia: Adamu na Hawa, Kaini na Abeli, ndoto ya Yakobo, karamu ya mwisho, kusulubiwa. Kimoja kina vyumba 11 vya picha, na kila chumba kina habari yake. Mwaka 1886 alikipeleka kwenye maonyesho ya pamba katika mji wa Athens, hukohuko Georgia. Mwalimu mmoja wa sanaa, Jennie Smith, alikitaka sana, lakini Mama Harriet alikataa kukiuza kwa bei yoyote. Miaka michache baadaye shida iliingia nyumbani mwake. Aliomba dola 10, akapewa dola 5. Kabla ya kuondoka alimweleza mnunuzi maana ya kila picha, naye akaandika. Halafu alirudi mara kadhaa kwenda kukitazama tu. Leo kitambaa kile kiko katika jumba la taifa la makumbusho ya historia, mjini Washington, na maelfu ya watu wamekiona. Kama angalikiacha nusu, angalibaki nacho, na sisi tusingalijua lolote. Lakini tusisahau kwamba kukitoa kulimuuma. Anayemwambia mwenzake «maliza tu» kana kwamba ni jambo la sindano peke yake, hajui anachomwomba.

Kwa hiyo swali la kwanza si kama unao uzi, bali ulimwahidi nani. Kama ulimwambia mtoto, «hili ni lako, utalilalia siku ya ndoa yako,» basi hilo ni deni, hata kama mtoto amesahau. Mara nyingi hajasahau. Watoto wanahesabu miaka bila kusema. Na kama pesa ya vitambaa ilitoka katika mfuko wa nyumba kwa ajili ya mashuka ya nyumba, mume ana haki ya kuuliza, ila aulize kwa upole. Lakini kama ulianza kwa kujifunza, au kwa kujifurahisha, na hukumwahidi mtu, huna deni. Mpe mwingine amalize, au ukate vipande upya. Kitu kibaya ni kile cha katikati: kutomaliza na kutoachilia, mpaka mende na panya wameamua badala yako.

Je, inafaa mtu kumaliza kazi ya mwingine? Hapa kwetu Kongo tunao walimu wa jambo hili. Bakuba wa Kasai wanafuma rafia. Wanaume ndio wanaofuma kitambaa, wanawake ndio wanaotia urembo kwa sindano, na kipande kimoja kinaweza kuchukua miezi. Sketi ndefu ya mwanamke inaungwa kwa sehemu nyingi, na sehemu hizo zinatoka mikononi mwa wanawake kadhaa wa ukoo. Hakuna mmoja anayesema «ni yangu.» Inasemwa ya kuwa hata viraka vyao vilianza kama dawa ya matundu: rafia mpya ni ngumu, inatwangwa ili ilainike, na kutwanga kunatoboa. Vitambaa hivyo wanawazikia wafu wao, kazi ya miezi mingi inaingia kaburini, nao hawaoni kuwa imepotea, kwa sababu imemfikia mwenyewe.

Sasa nije kwa jambo lililoleta ubishi wote. Katika ushirika wetu yuko mama mzee ambaye sitamtaja. Zamani alianza blanketi la viraka kwa kijana wake aliyekuwa karibu kuoa. Mwaka 1998, vita vilipoanza, kijana alikuwa mbali kwa kazi, na tangu hapo hakuna barua wala habari. Blanketi lilisimama kwenye mstari wa 7. Dada zetu, kwa nia njema, walitaka kulichukua kwa siri, walimalize, wamletee kama zawadi. Mimi nilipinga. Nilisema tumwulize kwanza.

Tulikwenda watu 3. Alifungua sanduku, akalitandaza kitandani, akatuonyesha mahali ambapo kipande cha shati la shule la kijana wake kilipaswa kuwekwa. Halafu akasema: «Nikilimaliza, nitampa nani? Nikimpa mwingine, na huyu akirudi?» Hatukuwa na jibu. Mmoja wetu alitazama chini.

Wako waliosema baadaye kwamba mama huyo anakosa imani, wengine kwamba anapoteza kitambaa kizuri. Nawaomba wanyamaze. Kila kiangazi analitoa, analianika juani, analikunja upya. Kazi iliyoachwa haianikwi. Kulimaliza, kwake yeye, ni kutamka neno juu ya kijana wake ambalo hakuna hata mmoja kati yetu mwenye ruhusa ya kulitamka, wala mashemasi. Deni lake lina mwenyewe, na mwenyewe hajulikani aliko. Yeye analitunza. Tulipoaga, alitupatia mfuko wa vipande ambavyo hakuvikata bado, akasema hivyo ni vya watoto.

Vipande hivyo ndivyo tutakavyoanza navyo. Wenye nyuso zilizoungwa ambazo hazikuahidiwa mtu walete. Uso wa mita 2 kwa mita 2 ukikatwa mara mbili unatoa blanketi 4 za mita 1, na katika maternite kuna akina mama wanaojifungua bila hata kitambaa cha kumpokelea mtoto. Kabla ya kuleta, shika kitambaa kwa mikono miwili, uvute. Kikilia na kupasuka, usikiunge na kikwembe kipya, maana kipya kitakirarua. Vya rangi nyekundu na bluu nzito vifuliwe peke yake mpaka maji yatoke meupe. Mwenye kazi iliyobeba jina la mtu asituletee. Aende kwanza kwa mwenye jina. Tunakutana Alhamisi baada ya maombi, na kila mmoja aje na makasi yake, kwa sababu ya ushirika ni 2 tu.