Ukuta Umekwisha, Watu Wako Wapi?

Somo: Nehemia 7:4, 11:1–2, 13:10–13

Kwa wale ambao hamkuwa nasi Jumapili iliyopita, na kwa ninyi mliokuwepo mkaomba kulirudia neno taratibu nyumbani, huu ndio ujumbe. Fungua Biblia yako katika kitabu cha Nehemia, uisome mistari hiyo mwenyewe kabla hujaendelea.

Tukisikia Nehemia tunafikiria ukuta. Tumehubiriwa ukuta mpaka hesabu tunaijua: siku 52, kazi ikaisha (6:15). Mahubiri mengi hufungia hapo, tukapiga makofi tukaenda nyumbani. Lakini kitabu hakijaisha. Geuza ukurasa, uende sura ya 7 mstari wa 4. Nehemia anautazama mji na kuona kwamba ni mpana, ni mkubwa, lakini watu waliomo ni wachache na nyumba bado hazijajengwa. Milango imetiwa. Mabawabu wamewekwa. Watu hakuna.

Sasa nikuulize, mji kama huo hujauona? Huku kwetu bara ya Kilifi unapita barabarani unaona zahanati imepakwa rangi, bati linang'aa, jina la mradi limeandikwa ukutani. Ukikaribia mlango, kufuli. Muuguzi ni mmoja, na leo ameenda mjini kufuata chanjo, ama yuko likizo, ama alihamishwa mwezi uliopita na wa kuchukua nafasi yake hajaja. Chini ya mwarobaini amekaa mama na mtoto ana homa. Amefika tangu saa moja asubuhi, na sasa anahesabu pesa za boda boda ya kwenda hospitali ya kaunti.

Wapendwa, bati halipimi presha. Rangi ya ukuta haizalishi mama. Tumejifunza kujenga, na si vibaya, lakini Nehemia anatuambia kwamba ukuta ukikwisha, kazi imefika nusu.

Kabla sijaendelea, najua kuna mtu anasema moyoni, "Mchungaji, sisi tunaamini uponyaji. Mambo ya wauguzi yanaingiaje madhabahuni?" Ndiyo, tunaamini. Hapa tunawawekea wagonjwa mikono na tumeona mkono wa Bwana, na hilo hatuliachi. Lakini Paulo, mtu wa ishara na miujiza, alisafiri na Luka, na katika Wakolosai 4:14 anamtaja kama tabibu, tabibu mpendwa wake. Hakumwambia Luka aache kazi ili imani ionekane. Sala na sindano hazijawahi kugombana katika Biblia, tusizigombanishe sisi.

Turudi kwa Nehemia. Alifanya nini alipoona mji hauna watu? Naona mambo matatu.

La kwanza: walitoa fungu la kumi la watu

Sura ya 11 mstari wa 1. Watu walipiga kura, mmoja katika kila kumi aende akakae Yerusalemu, na tisa wabaki katika miji mingine. Fungu la kumi la mahindi tunalijua. La pesa tunalijua, hata kwa M-Pesa tunatuma. Hili ni fungu la kumi la watoto wa watu.

Angalia, hakuna aliyewaambia wale tisa kwamba wametenda dhambi. Kijana wetu akienda kufanya kazi Nairobi, Mungu ambariki. Mwaka 2021 Kenya ilitia saini mkataba na Uingereza ili wauguzi wetu wakafanye kazi huko, na yule anayetuma karo ya wadogo zake kutoka huko simhukumu. Swali langu ni moja tu: yule mmoja wa kumi ni nani? Sisi tumetoa nani?

Maana mara nyingi tunaomba hivi: "Bwana, tuletee daktari." Tunamngoja mgeni ashuke kwa matatu kutoka mjini. Wakija wengine wanavumilia, wengi wanahesabu miezi. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa jinsi ya kuwapata na kuwadumisha wahudumu wa afya vijijini, na mwaka 2021 likautoa tena ukiwa umerekebishwa. Moja ya mapendekezo yake ni hili: wachukueni wanafunzi waliokulia vijijini, muwasomeshe, kwa sababu hao ndio wenye uwezekano mkubwa wa kurudi na kubaki. Yaani wataalamu walikaa na vitabu vyao wakafika pale Nehemia alipofika katika sura ya 3, ambapo mtu baada ya mtu alijenga mbele ya nyumba yake mwenyewe. Ukijenga mbele ya mlango wako hutoroki usiku.

Na mstari wa 12 wa sura hiyo usiuruke. Pale yupo Shalumu, mkuu wa nusu ya wilaya, anajenga pamoja na binti zake. Binti zake! Baba ulie hapa, binti yako wa kidato cha tatu anapenda Baiolojia, lakini wewe umeshaanza kusema karo imekuwa nzito na kaka yake ndiye atangulie. Shalumu hakuwafungia binti zake jikoni mji ukiwa wazi. Chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC, kilianza mwaka 1927, na leo kina kampasi katika kaunti nyingi, hata hapa Kilifi. Si lazima mtoto avuke nusu ya nchi ndipo awe muuguzi ama tabibu. Kinachomzuia mara nyingi ni alama za sayansi na karo, na hayo mawili kanisa linaweza kuyashika.

La pili: waliwabariki waliojitolea

Sura ya 11 mstari wa 2. Walikuwepo waliokubali kwa hiari yao kwenda kukaa mjini, na watu wote wakawaombea baraka. Unaona? Aliyejitolea hakuachwa peke yake. Jamii nzima ilisimama ikatamka mema juu yake.

Kuna dada mmoja, muuguzi, aliyehudumu peke yake katika zahanati moja ya mashambani. Aliomba uhamisho, na nilipomwuliza sababu nilifikiri atasema mshahara. Akaniambia, "Mchungaji, mshahara ni uleule niendako. Pale nililala chumba kinachovuja. Maji nilinunua kwa mtungi. Usiku wa manane walinigongea mlango, nikazalisha, asubuhi nikafungua kliniki. Miaka miwili watu waliniita 'daktari', na hakuna aliyewahi kuniuliza jina langu, wala nyumbani kwetu ni wapi. Jumapili nikija kanisani nakaa nyuma, ibada ikiisha natoka."

Nililala na maneno hayo. Mtu amepokea watoto wetu kwa mikono yake, na jina lake hatulijui.

Mungu hafanyi hivyo. Soma Kutoka sura ya 1. Farao wa wakati ule hatajwi jina, ni Farao tu. Lakini wakunga wawili, Shifra na Pua, majina yao yameandikwa mpaka leo, na mstari wa 21 unasema Mungu aliwajengea nyumba. Mungu anayajua majina ya wakunga!

Huo mwongozo niliotaja nao unasema vivyo hivyo kwa lugha yake: mhudumu wa kijijini anahitaji mahali pazuri pa kuishi, mazingira salama ya kazi, na kutambuliwa hadharani. Si mambo ya serikali peke yake. Sisi tuna mafundi bati katika ushirika huu. Tuna kina mama wenye matangi ya maji. Tuna walimu wanaoweza kumsaidia mtoto wa muuguzi na masomo. Muuguzi mgeni akiletwa hapa, wazee wa kanisa waende kumkaribisha ndani ya wiki ya kwanza, wa kanisa letu asiwe wa kanisa letu.

Tena kuna wengine tuko nao tayari na tunawapita. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, wale tunaowaita CHP, wakapewa mikoba yenye kipima presha, kipima sukari na mizani. Kila mmoja anazungukia nyumba kama 100. Wengine wao wako hapa kanisani, wanaimba kwaya. Akibisha hodi kwako usimwambie, "Pita kesho." Yeye ndiye aliye karibu nawe kuliko daktari yeyote.

La tatu: alidai haki ya waliofanya kazi

Hapa ndipo wengi huinamisha macho. Sura ya 13 mstari wa 10. Nehemia alirudi Yerusalemu akakuta nyumba ya Mungu haina watumishi. Walikwenda wapi? Walawi hawakupewa posho zao, wakakimbia, kila mtu shambani kwake. Biblia haiwaiti wavivu, wala haisemi hawana wito. Inasema hawakulipwa.

Mnakumbuka mwaka 2017. Madaktari walikuwa wamegoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 mpaka Machi. Halafu wauguzi wakagoma miezi mitano, Juni mpaka mwanzo wa Novemba. Waliokwenda hospitali za kibinafsi walikwenda. Sisi tulizika. Ni rahisi kusema wauguzi hawana huruma. Lakini Nehemia hakuanza kwa kuwakemea Walawi. Mstari wa 11, aligombana na wakuu! Aliwauliza wakuu kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa, ndipo akawakusanya Walawi akawarudisha mahali pao. Kisha mstari wa 13 akaweka watunza hazina waaminifu.

Wale CHP tuliowataja wanatakiwa kupata shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Mtu akifuatilia kwamba pesa hiyo ifike kwa wakati, anafanya kazi ya Nehemia. Tangu mwaka 2013 zahanati na hospitali zetu ziko chini ya kaunti, na anayeajiri muuguzi wa hapa ni kaunti. Kila mwaka kabla bajeti haijapitishwa kuna vikao vya wananchi kutoa maoni. Nani kati yetu huenda? Na wanaokwenda huomba nini? Jengo jingine! Inuka uulize: "Katika bajeti hii, zahanati yetu ina wauguzi wangapi?" Nchi hii ina wauguzi waliosoma, wana leseni, wamekaa nyumbani bila ajira, na ina zahanati zenye kufuli. Hao wawili hawatakutana mpaka mtu aulize.

Usiniambie hiyo ni siasa. Kifungu cha 43 cha Katiba yetu kinampa kila mtu haki ya afya. Na anayeuliza kwa heshima, akiwa ameomba nyumbani kabla ya kutoka, huyo ni mlinzi juu ya ukuta.

Basi tufanye nini?

Mnajua tumekuwa tukichanga kwa ajili ya ua la mawe kuzunguka kiwanja cha kanisa. Wazee na kamati ya ujenzi tumekaa tukaomba, na tumekubaliana hivi: kwa mwaka huu, sadaka ya Jumapili ya mwisho ya kila mwezi, iliyokuwa ya ua, itaenda kwenye karo ya msichana mmoja na mvulana mmoja wa hapa, wakasomee uuguzi ama utabibu. Nasikia wengine hawakufurahia. Wanasema mbuzi wanaingia kiwanjani. Ni kweli, wanaingia. Mbuzi tutawafukuza. Lakini siwezi kusimama hapa nikahubiri Nehemia 7:4 huku sisi wenyewe tunamalizia ukuta na mji hauna watu.

Vijana hao hatutawafunga kwa mkataba. Kaunti inaweza kuwapeleka kwingine, na wao wenyewe wanaweza kuchagua njia nyingine. Tutawaombea, tutawapigia simu, wakija likizo tutawapa nafasi ya kushuhudia. Anayependwa nyumbani hurudi nyumbani.

Wenye watoto wa kidato cha tatu na cha nne wanaopenda sayansi, mpeni katibu majina Jumapili hii. Walimu wa Baiolojia na Kemia mlio katika ushirika, Jumamosi alasiri tunawahitaji hapa kanisani. Kina mama wa ushirika wa Alhamisi, nendeni zahanati mkamwulize muuguzi jina lake, na maji anatoa wapi. Na wewe kijana uliyesimama nyuma karibu na mlango, ambaye neno hili limekuchoma na unajua ni wewe, usiende nyumbani nalo kimya. Njoo tukuombee, tukubariki kwa jina lako.

Tuombe. Baba, umetupa majengo, asante. Sasa tupe watu, na uanze na wa nyumba zetu. Wale walioko peke yao usiku huu katika zahanati za mbali, wape nguvu, wape usingizi, wafikishie haki yao. Utuondolee ubahili wa kutoa mahindi na kuwaficha watoto. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.