Nimekuja kwa Muda Tu

Anayetaka kuhamia kisiwani kupitia mwalo wetu wa Nkome, ziwani huku Geita, haulizi kwanza kodi ya chumba. Anauliza giza linaanza lini. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku usio na mwezi. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wake hushindana na taa za wavuvi, dagaa hawakusanyiki, na mitumbwi hulala nchi kavu. Ukifika wakati wa mbalamwezi utakula akiba yako ukitazama watu wakishona nyavu na kucheza drafti. Ukifika giza likianza, unaweza kupata kazi jioni hiyohiyo, kabla hujajua utalala wapi.

Wanaokuja ni wengi. Wanatoka Kahama, Bariadi na Kishapu, wengine Kigoma na Kagera. Wengi wamepitia kwanza machimboni, Mgusu, Nyarugusu au Rwamgasa. Duara, yaani shimo la mchimbaji, likijaa maji, au mwamba ukikataa kutoa, mtu anakumbuka kuwa kuna ziwa. Ziwa nalo likinyima, anarudi shimoni. Siandiki haya kwa kuwacheka. Wazazi wangu walikuja huku kutoka Kishapu na ng'ombe wao, wakifuata malisho, na wakati wote walisema wapo kwa muda tu. Makaburi yao yako hapa.

Visiwa havikosekani. Kuna Izumacheli, kata nzima iliyozungukwa na maji ndani ya Wilaya ya Geita. Kuna Kome na Maisome upande wa Buchosa. (Wageni huchanganya Nkome na Kome, namjua mmoja aliyeshukia huku wakati begi lake linamsubiri kule.) Na upande wa machweo kuna Rubondo, ambako siku hizi binadamu hahamii kabisa.

Habari ya Rubondo nikiisimulia vijana huona nawatania. Katikati ya miaka ya 1960 watu waliokuwa wakiishi kule waliondolewa, kisiwa kikafanywa pori la akiba mwaka 1965, kisha hifadhi ya taifa mwaka 1977. Kati ya 1966 na 1969 Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama kutoka Frankfurt, akaleta sokwe 17 kwa awamu. Wengi walikuwa wa asili ya Afrika Magharibi, wakiwa wamekwisha kuishi miaka katika vizimba vya bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya. Walifunguliwa, wakaachwa. Wakajitafutia matunda, wakajenga viota mitini, wakazaa, na kizazi chao kipo hadi leo. Sokwe hujenga kiota kipya karibu kila jioni, na hapo naona wanafanana kidogo na watu wa kambi za wavuvi visiwani. Tofauti ni kwamba wao walipewa kisiwa kizima bila tajiri.

Maana kambini anayekupa kazi ndiye anayekupa pa kulala. Tajiri, yaani mwenye mtumbwi, injini, nyavu na taa, ndiye mwenye kibanda pia, na mara nyingi ndiye mwenye duka linalokukopesha unga, sigara na vocha. Mauzo yakipatikana, kwanza hutolewa gharama za mafuta, chakula na matengenezo. Kinachobaki hugawanywa kati yake na wavuvi, kwa mgao unaotofautiana kambi kwa kambi. Kijana aliyekopa sana hukuta fungu lake limeliwa kabla halijamfikia. Mjini ukifukuzwa kazi, mwenye nyumba hajui mpaka mwisho wa mwezi. Kambini ukigombana na tajiri saa nne, saa tano huna kazi wala paa, na mtumbwi unaokwenda bara ni wa tajiri huyohuyo.

Si kwamba matajiri wote ni wabaya. Wengine walianza kama makuli wa kubeba dagaa, na wanawajua vijana wao kuliko wazazi wa vijana hao wanavyowajua. Ninachosema ni kwamba mtu mmoja hafai kuwa mwajiri wako, mwenye nyumba wako, muuza duka wako na nauli yako kwa wakati mmoja, hata kama ni mwema. Wema wake ukiisha siku moja, vyote vinaisha siku hiyo.

Mwaka huu kijana mmoja alinifuata mwaloni na godoro lake limekunjwa kwa kamba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, ngosha. Unavuka?"

"Navuka. Nimeshapata kazi na chumba, vyote vipo."

"Kule nani anakufahamu?"

"Tajiri."

"Ukimtoa tajiri?"

Akacheka tu, akapanda mtumbwi.

Anayekwenda Unguja kutafuta kazi katika hoteli za Nungwi au Paje huambiwa mapema ajitambulishe kwa sheha. Ziwani tunaye mwenyekiti wa kitongoji mwenye daftari la wakazi, na kwenye mialo kuna vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vile tunavyoviita BMU, ambavyo navyo huandikisha wavuvi. Lakini mgeni wa kambini huona kujiandikisha ni kujifunga. Anayepita njia ajiandikishe ya nini? Hivyo anaishi kwa jina la utani. Anaitwa Kahama, au Mjita, au Mapembe. Giza linaingia, giza linatoka, mwaka unapita, wa tatu unakuja, naye bado ni Mapembe aliyekuja kwa muda.

Halafu upepo unapiga usiku, mtumbwi unapinduka, na asubuhi mwili unaletwa mwaloni. Hapo ndipo kambi nzima inagundua kuwa haimjui mtu iliyekula naye ugali sahani moja. Simu yake imezama naye. Mchango unachangwa haraka, maana watu wa kambini kwa kuchangia msiba hawana mpinzani, lakini mwili upelekwe kwa nani? Nimewahi kukaa na wenzangu kwenye benchi la mwaloni tukibishana kama marehemu alikuwa na lafudhi ya Meatu au ya Maswa. Ni jambo la aibu kumtafutia mtu wazazi kwa lafudhi.

Aibu hiyo haikuishia kwetu wadogo. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 200 walikufa katika chombo kilichoruhusiwa kubeba wapatao 100, na kwa siku kadhaa nchi nzima haikujua kwa hakika kilipakia abiria wangapi. Waliojulikana ni wale waliokuwa na mtu ufukweni wa kuwataja kwa majina.

Ukara na Ukerewe, hata hivyo, ni visiwa vya aina nyingine. Ukara imejaa watu kwa vizazi na vizazi, na wenyeji wake walijifunza kuishi na ardhi ndogo: kufuga ng'ombe zizini, kulimbikiza samadi, kuirudisha shambani, kupanda miti kwa kuhesabu. Shamba la babu linajulikana mpaka wake. Kisiwa kama hicho watu wanatoka, hawaingii. Ardhi ikiwatosha wachache, watoto huvuka kuja bara, na familia nyingi za Wakara na Wakerewe zimekuja Geita kwa sababu hiyo. Ziwa ni lilelile na samaki ni walewale, lakini huko mtu hutunza udongo kwa ajili ya mjukuu, na kambini hatengenezi hata ngazi ya kushukia majini.

Sheria nayo inamuunga mkono asiyetaka kutulia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na maisha yote ya dagaa yako ndani ya mita hizo: mitumbwi, mchanga wa kuanikia, jiko, kibanda cha mabati au cha matete na turubai. Sipingi sheria, ziwa lisipolindwa hatutakuwa na cha kugombania. Lakini mvuvi anaisikia kwa namna yake. Inamwambia kile alichokwisha kujiambia, kwamba asijenge. Kwa hiyo hajengi mbele wala nyuma ya mita 60. Wakenya na Waganda wanaogombania Migingo walau wana sababu ya kutojenga: kisiwa chenyewe hakifiki nusu ya uwanja wa mpira, na sensa ya Kenya ya 2009 ilikuta watu 131 wamebanana humo kwenye mabati. Visiwa vyetu vingi vina nafasi. Kinachokosekana ni mtu anayeamini atakuwepo mwakani.

Ukitaka kujua kama mtu amehamia mahali au anapita, usimuulize. Tazama kama amechimba choo. Kibanda unaweza kukijenga kwa siku moja na kukibomoa kwa saa moja ukaondoka na mabati yako, lakini shimo la choo huondoki nalo. Ndiyo maana kuna kambi zenye injini mpya, taa za sola na runinga kubwa ya kuonyesha mpira, na hakuna choo hata kimoja. Watu huenda vichakani au majini. Kichocho cha tumbo nacho kinaendelea na mzunguko wake: mayai ya minyoo hutoka na kinyesi, huingia ziwani, vimelea hukulia ndani ya konokono, kisha hutoboa ngozi ya anayeoga au anayevuta wavu. Mtu humeza dawa leo, kesho anarudi kwenye maji yaleyale. Kipindupindu kikizuka kila mtu anamlaumu bwana afya.

Katika kisiwa kimoja, ambacho sitakitaja kwa sababu watu wake bado hawajapatana, kuna mayu, yaani mama, wa makamo aliyefika kuanika dagaa. Kazi ya kuanika ina mashaka yake. Mvua ikinyesha ghafla mali inaoza, na mwanamke asiye na mtumbwi hununua dagaa kwa bei anayotaka mwenye mtumbwi, wakati mwingine na kwa masharti yasiyo ya fedha. Yeye alipopata akiba kidogo hakununua runinga. Alikwenda serikali ya kijiji, ambayo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, akaomba kiwanja juu ya mteremko, mbali na ufukwe. Akapewa. Akachimba choo kwanza, nyumba baadaye. Kambi nzima ikamcheka: mama amejenga choo cha nyumba isiyokuwepo.

Mvua za masika zilipokuja na vichaka vikajaa matope, walioanza kupanda mteremko alfajiri ni walewale waliocheka. Mama akaweka kitasa, akatoza shilingi 200. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Wavuvi wakasema choo si biashara, wakampeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti, ambaye kwa miaka alikuwa akiitisha mikutano ya kijiji wakaja wazee wachache na mbuzi, akasema sawa, shauri litajadiliwa mkutanoni, lakini mkutano wa kijiji ni wa wakazi, na mkazi ni aliye kwenye daftari.

Wakajiandikisha. Walipanga foleni kwa hasira, majina yao kamili, kijiji walikozaliwa, namba ya simu ya ndugu. Mapembe kumbe ana majina matatu mazuri na dada yupo Maganzo. Mkutano ulijaa kuliko ule wa kampeni, watu wakazungumza mpaka jua likazama, ada ikashushwa hadi shilingi 100, na kambi ikakubali kuchimba vyoo vyake viwili. Kimoja kimekwisha. Cha pili kimefika kiunoni, na wanabishana nani anunue saruji. Mama bado amenuna kuhusu ile shilingi 100.