Kukua Ukiwa Pale Pale



Vijana wetu huniuliza mara nyingi: mchungaji, nikibaki na kazi hii hii, hapa hapa Lokiriama, maisha yangu yatasonga kweli? Kwa wengi wetu kusonga ni kwenda Lodwar, na ukifika Lodwar uanze kutafuta Kitale au Nairobi. Asiyehama anaonekana amelala. Nasi wahubiri huwa tunajibu haraka: ridhika, Mungu atakuinua kwa wakati wake. Jibu hilo ni tamu kwa mwenye mshahara mzuri. Kwa kibarua anayedhulumiwa, ni kumfunga kamba kwa jina la Bwana.

Soma 1 Wakorintho 7, mstari wa 20 na wa 21 kwa pamoja. Paulo anataka kila mtu akae katika hali aliyoitwa nayo, kisha papo hapo anamwambia mtumwa kwamba akipata nafasi ya kuwa huru, afadhali aitumie. Basi kubaki peke yake si utakatifu, na kuhama si dhambi. Ukibaki, hiyo miaka unaifanyia nini?

Nilisoma biashara kabla ya huduma, na kuna jambo moja la darasani ambalo sijaliacha. Mwanauchumi Gary Becker, katika kitabu chake cha 1964, alitenganisha ujuzi unaomfaa mwajiri mmoja tu na ule unaotembea nao popote. Kujua faili gani iko kabati gani, ukitoka hiyo ofisi imeisha. Lakini kupanga hesabu ya stoo, kuandika ripoti inayoeleweka, kuongea na mama aliyekasirika bila kumwongezea hasira, hiyo ni yako mpaka kaburini. Waajiri wengine wanaogopa kufundisha ujuzi wa namna hii, ati mtu akijua sana ataenda. Hapo mimi nasimama na mfanyakazi. Mwajiri amenunua saa zako; hajanunua haki ya kuzuia akili yako isikue. Wewe nawe usiibe saa zake ukisema unajiendeleza.

Tazama wahamasishaji wa afya ya jamii. Wengi walitembea miaka mingi bila malipo ya uhakika. Septemba 2023 serikali ilizindua mikoba ya vifaa kwa wahudumu wapatao 100,000 nchini: mashine za kupima presha na sukari, na simu za kuweka rekodi. Kazi ni ile ile, manyatta hadi manyatta, jua lile lile. Lakini aliyejifunza kusoma mashine vizuri, anayejua ni namba gani inasema mgonjwa apelekwe leo na si kesho, huyo amepanda, na hajahama hata hatua moja.

Kakuma ni hadithi ngumu zaidi. Katika kambi ile iliyofunguliwa 1992, wakimbizi wengi wanaofundisha au kutafsiri hulipwa posho tu, chini sana ya Mkenya wa kazi kama hiyo, maana kibali cha kazi ni shida kupata. Mtu kama huyo hawezi kuamka asubuhi aseme nabadilisha kazi. Anajifunza pale alipo kwa sababu mlango mwingine haupo. Ukimsifu kwa uvumilivu na usiseme kwamba malipo yale si ya haki, umehubiri nusu.

Na sisi wa mpakani tuna mfano wetu wenyewe. Mwaka 1973 wazee wa Turkana na Wamatheniko wa Uganda walizika silaha hapa Lokiriama. Hawakuacha kuchunga (kazi hiyo sisi tunaoitwa wachungaji kanisani tumeazima jina tu). Mifugo ilibaki mifugo, mlima ukabaki mlima. Kilichobadilika ni kwamba mchungaji sasa alihitaji kujua kuomba malisho na maji kwa maneno, kazi inayotaka akili kuliko bunduki.

Jambo la mwisho ni la mafundi. Aliyejenga miaka kumi bila cheti anaweza kupimwa na NITA katika mtihani wa ufundi, gredi kwa gredi, bila kuacha kazi. Jumatano baada ya maombi nitaketi na wanaotaka. Njoo na kalamu, na orodha ya nyumba ulizojenga.