Kijiji cha Watakatifu

Somo: Matendo ya Mitume 4:32 mpaka 5:11



Siku moja baada ya mavuno walinijia vijana watatu wa usharika, watu wa sala na wenye moyo wa kweli. Walikuwa wamechoka. Walichoshwa na magomvi ya mipaka ya mashamba, na wazee wanaokuja Mezani pa Bwana huku hawasalimiani njiani, na Wakristo wanaolewa Jumamosi na kuimba Jumapili. Wakaniambia, "Baba Mchungaji, tupe ruhusa tuhame. Ng'ambo ya mto kuna pori lisilo na mtu. Tutajenga kijiji cha waaminifu watupu. Tutalima shamba moja, tutakula chungu kimoja, wala hapana atakayesema, Hiki ni changu. Je, sivyo walivyofanya watu wa Yerusalemu?"

Sikuwacheka, maana hamu yao ni njema, na mashitaka yao yalikuwa kweli. Naliwaomba wangoje, nikasoma tena Neno la Mungu, na pamoja nalo habari za watu waliojaribu jambo hili hili zamani. Niliyowajibu nayaandika hapa kwa ajili ya walimu na washarika wote, kwa kuwa najua hamu hii haimo katika mioyo ya vijana watatu tu.

Katika nchi ya Württemberg, huko Ujerumani, alizaliwa mwaka 1757 mtu jina lake Johann Georg Rapp. Alikuwa mfumaji wa nguo na mlimaji wa mizabibu. Alibatizwa na kulelewa katika kanisa letu la Kilutheri, lakini alipokuwa mtu mzima aliona kanisa limepoa, akaacha kuja ibadani na Mezani pa Bwana, akakusanya watu nyumbani kwake. Serikali na wakuu wa kanisa waliwasumbua. Basi mwaka 1803 akavuka bahari kwenda Marekani kutafuta mahali, na wafuasi wake wakaja nyuma yake. Mwaka 1805 wakafanya agano katika jimbo la Pennsylvania: kila mtu atoe mali yake yote kwa jamii, na jamii impe chakula, nguo, mafunzo ya watoto, na matunzo katika ugonjwa na uzee. Kijiji chao wakakiita Harmony, maana yake mapatano.

Watu hawa hawakuwa wavivu. Walifyeka misitu, wakapanda mizabibu, wakafuma sufu, wakajenga nyumba imara. Mwaka 1814 wakahamia jimbo la Indiana, kando ya mto Wabash, na homa ya mahali pale ikawaua wengi. Lakini hawakukata tamaa, wakajenga mji wa pili. Mwaka 1818 wakakiteketeza kitabu kilichoandikwa mali aliyoileta kila mmoja, ili asiwepo tena wa kusema, "Mimi nilileta zaidi." Ndugu, hebu tufikiri. Ni nani kwetu awezaye kuchoma hati ya shamba lake mbele ya jirani? Tusiwadharau.

Lakini palikuwa na neno moja lililowala kama mchwa ndani ya nguzo. Walisadiki kwamba Bwana Yesu atarudi katika siku zao zile zile, na kwamba imewapasa kumngoja wakiwa wameacha mambo ya ndoa. Tangu mwaka 1807 hata mume na mke waliooana walianza kukaa kama kaka na dada. Mungu aliibariki ndoa tangu mwanzo. Naye Martin Luther, aliyekuwa mtawa, alimwoa Katharina von Bora mwaka 1525, akafundisha kwamba mama anayemwosha mtoto wake humtumikia Mungu kweli kweli. Wale wa Rapp walitaka utakatifu ulio juu ya kile alichokiagiza Mungu. Tena neno la Rapp lilikuwa juu ya wote. Walipokuwa wamehamia mji wao wa tatu, Economy, huko Pennsylvania tena, alikuja mtu mmoja aliyejiita mwana wa wakuu na mjumbe wa Mungu. Watu waliozoea kumsikiliza nabii mmoja hawakuwa na kipimo cha kumpima wa pili. Mwaka 1832 theluthi yao hivi wakaondoka pamoja naye, na jamii ikawalipa dola 105,000. Rapp akafa mwaka 1847 bila kuona alilolingoja. Mali ikaongezeka, watu wakapungua. Na mwaka 1905 jamii ilipovunjwa, walikuwa wamesalia wachache mno. Ghala zilijaa, watoto hawakuwapo.

Sikieni sasa habari ya mji wao wa pili, ule wa kando ya mto Wabash. Waliuuza mwaka 1825 kwa Robert Owen, mtu wa Wales, aliyekuwa mkuu wa viwanda vya pamba huko New Lanark katika Uskochi. Owen aliwahurumia wafanya kazi wake kuliko matajiri wengi waliokuwa wakijiita Wakristo. Hakuwaajiri watoto walio chini ya miaka kumi, akawajengea shule. Na jambo hilo litupe haya. Lakini alifundisha kwamba mtu hana uovu ndani yake: hali anamokaa ndiyo inayomfanya mwema au mbaya. Ukibadili nyumba, shule na kazi, utambadili mtu. Akaalika watu wote wenye nia, na watu kama mia nane au zaidi wakaja, wenye elimu na wasio nayo, wenye bidii na wenye maneno. Tarehe 4 Julai 1826 akasimama akatangaza kwamba maadui watatu wa wanadamu ni mali ya mtu binafsi, dini, na ndoa kama ilivyokuwa imefungwa siku zile. Je, ilikuwaje? Katiba ilibadilishwa tena na tena. Walioandika sheria walikuwa wengi, waliotaka kushika jembe wachache. Mwaka 1827 jambo likavunjika, na Owen akapoteza sehemu kubwa ya mali yake. Nyumba zilikuwa zile zile walizozijenga watu wa Rapp. Mashamba yalikuwa yale yale. Hali ilikuwa njema, lakini kila aliyeingia langoni aliingia na moyo wake.

Basi ndugu, turudi Yerusalemu. Watu husoma sura ya nne wakaishia hapo. Luka hakuishia hapo. Mara akaleta habari ya Anania na Safira. Katika usharika ule wa kwanza, mitume wakiwapo na Roho akiwa amemwagwa, uongo uliingia na mfuko wa fedha mkononi. Tena angalieni Petro alivyomwuliza Anania: shamba lilikuwa lake kabla ya kuliuza, na hata alipokwisha kuliuza fedha zilikuwa katika uwezo wake. Hapana aliyemlazimisha. Kosa lake halikuwa kubakiza. Kosa lake lilikuwa kutaka sifa ya aliyetoa vyote. Watu wale waliuza mashamba kwa sababu mjane mwenye njaa alikuwa mbele yao, na Kristo alikuwa amewafia. Upendo ulitangulia, kugawana kukafuata. Wanaoanza kwa sheria ya kugawana, wakitumaini kwamba upendo utakuja nyuma, wamepanda mti mizizi ikiwa juu.

Je, basi tukae kama tulivyo, kila mtu na ghala yake? Hasha! Nawapa mfano wa tatu. Mwaka 1722 wakimbizi waliotoka Moravia kwa ajili ya imani walipewa mahali katika shamba la Zinzendorf, bwana mmoja Mlutheri wa Saxony, wakajenga kijiji cha Herrnhut. Kabla ya miaka mitano kupita walikuwa wamegawanyika vibaya kwa mabishano ya dini. Nao pia wangaliweza kuhama, kila kikundi na pori lake. Lakini Zinzendorf alikwenda nyumba kwa nyumba, na mwezi wa Mei mwaka 1727 wakatia sahihi mapatano ya kuishi kindugu. Tarehe 13 Agosti mwaka ule wakaenda pamoja katika kanisa la usharika huko Berthelsdorf, wakala Meza ya Bwana, na mioyo yao ikayeyuka, adui akamwomba adui msamaha. Hawakuacha ndoa, wala kazi za mikono yao. Wakapanga zamu za maombi usiku na mchana, nazo zilidumu zaidi ya miaka mia. Na baada ya miaka mitano tu, mwaka 1732, wakawatuma wawili wao kwenda kisiwa cha St. Thomas kuwahubiri watumwa. Katika mwaka 1891 wajumbe wa kanisa lao walifika Rungwe, kati ya Wanyakyusa, katika nchi yetu hii. Watu wa Harmony walikusanyika ili wajilinde. Watu wa Herrnhut walikusanyika wakatumwa. Chumvi iliyobaki chunguni peke yake haikolezi chakula cha mtu.

Haya naliwaambia wale vijana. Kisha mmoja wao akaniuliza, "Nasi tumeelewa, Baba. Lakini wale wazee wawili, utawafanyaje?" Swali hilo lilinichoma, kwa maana nalijua ugomvi wao tangu mwaka uliopita, nami nalinyamaza. Tulikawiza Meza ya Bwana majuma mawili. Nalikwenda nyumbani kwa mmoja, na wazee wa kanisa nyumbani kwa mwenzake, mpaka wakasimama wote wawili mpakani, wakaondoa lile jiwe lililosogezwa usiku. Na katika shamba la kanisa sasa liko fungu linalolimwa na vijana kwa ajili ya wajane. Mavuno yake hayauzwi. Wawili katika wale watatu ndio wanaolisimamia. Wa tatu bado anatazama ng'ambo ya mto. Namwombea, wala simkemei, kwa kuwa anayoyatamani yatakuja kweli. Lakini mji ule hujengwa na Mungu, nao utashuka toka kwake.

Walimu, ulizeni katika sharika zenu kabla ya Meza ya Bwana ijayo: ni nani asiyesalimiana na nani? Ni mjane gani ambaye paa lake linavuja? Anzeni hapo.

Ee Bwana Yesu, uliyekula pamoja na Yuda wala hukuhama mezani, utufundishe kukaa pamoja. Amin.